Jina Alilolilia Alute

Shemeji yangu Alute ni fundi ujenzi. Ukifika Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, nyumba nyingi mpya unazoziona ni kazi ya mikono yake, na wenye nyumba watakuambia hivyo kabla hujauliza. Kuta zake zimenyooka na milango yake haikwaruzi sakafu. Lakini kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa na msingi tu kwenye kiwanja chake. Msingi mzuri wa mawe, nisiwe mwongo, lakini msingi. Majirani walianika alizeti juu yake, mbuzi walirukia, na kuku wakataga kwenye pembe zake. Watu walicheka wakasema kinyozi hajinyoi. Mimi niliijua sababu, na haikuwa uvivu.

Sababu ni kwamba Alute alikuwa anasubiri kufa. Nasema hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alisema hivyo, tena akicheka, huku akiomba aongezewe nyama. Babu yake, Alute wa kwanza, alikufa kwa ugonjwa wa tumbo kabla hajaota mvi. Kisha shemeji yangu akazaliwa, kitindamimba wa mama mkwe wangu, pale kwetu Sepuka, na alikuwa mtoto wa kulia. Kwetu mtoto akilia bila homa wala jipu, wazee husema analilia jina. Kuna mtu wa ukoo anataka kuitwa tena. Basi wakamtajia majina moja moja, akayakataa yote kwa sauti kubwa, mpaka mama mkwe alipotaja Alute. Akanyamaza palepale, akalala.

Ukoo ulikuwa tayari na Alute mwingine, mtoto wa baba mkubwa, mwenye jina hilohilo la babu. Huyo naye alikuja kufa kwa tumbo akiwa kijana mwenye nguvu zake. Wakati huo shemeji yangu alikuwa anajifunza kuchanganya zege. Kwenye msiba watu walihesabu: Alute wa kwanza, tumbo, Alute wa pili, tumbo. Kisha macho yote yakamgeukia yeye. Tangu siku hiyo alijua zamu ni yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Mtu mwingine angeingia kwenye pombe au kwenye maombi ya kufukuza majina. Alute aliingia kwenye furaha. Harusi yoyote ya Ikungi alikuwepo, akicheza mpaka viatu vinaachia. Nguo mpya hakununua, alivaa mtumba, akisema mpya atamwachia nani. Mume wangu Filipo, ambaye ni kaka yake mkubwa, alipopanda mikorosho alimwomba wapande pamoja, naye akajibu kwamba korosho ni zao la mtu mwenye muda. Nyumba ilikuwa vilevile: angeijenga, halafu aikalie nani?

Na alikuwapo Emiliana. Huyu ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, aliyepanga chumba cha biashara ambacho Alute mwenyewe alikijenga. Wanapendana hadi wateja wanajua. Lakini kila mwaka Alute alikuwa na jibu moja: hataki kumwachia mtu ujane. Emiliana aliendelea kushona magauni ya harusi za wenzake. Mimi roho iliniuma kwa niaba yake, na siku moja nikamwambia shemeji waziwazi, "Wewe ni marehemu unayekula kuliko sisi wazima."

"Ndiyo maana nawahi, shemeji," alisema, akachukua kipaja cha kuku.

Basi tukawa tunamwangalia Alute, kila akikohoa tunatazamana, kumbe ugonjwa uliingia mlango mwingine. Wifi yangu Marietha, dada yao aliyeolewa Kintinku, alianza kuchoka. Mwanamke aliyekuwa anabeba ndoo mbili za maji akawa anapumzika njiani na moja. Viganja vikapauka. Wakampima, damu imepungua. Akala maini, akanywa juisi ya rozela, akameza vidonge vya kuongeza damu. Damu ikapanda, kisha ikashuka tena. Tumbo halikuuma na chooni hakuona kitu chochote cha kumtisha.

Jirani yake Kintinku ni mzee Urbano, na yeye habari yake ilikuwa tofauti kabisa. Urbano aliiona damu kwa macho yake, choo kikawa kigumu na chembamba, na akakaa kimya muda mrefu akijiambia ni bawasiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, mkewe alimwambia hivyo, akampeleka Dodoma kwa nguvu. Marietha naye akapelekwa hospitali hiyohiyo, maana vidonge vilishindwa. Wote wawili walipitishiwa kamera kwenye njia ya haja kubwa, na wote wawili wakaambiwa jambo moja: saratani ya utumbo mpana.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Urbano alipewa mionzi na dripu za dawa kwanza, kisha upasuaji. Marietha alipasuliwa, akashonwa, akaambiwa aende nyumbani. Bila dripu. Filipo alikasirika sana. Alisema dada yake amedharauliwa, kwamba ugonjwa ni mmoja na dawa inapaswa kuwa moja, na akafunga safari kwenda Dodoma kugomba. Aliandaa hotuba njia nzima. Mimi na Alute tulimfuata ili asije akafungwa.

Daktari aliyetupokea anaitwa Saada, mtoto wa wafanyabiashara wa Singida mjini, mdogo wa umbo na mwenye subira ya ajabu. Alimsikiliza Filipo mpaka pumzi ikapungua. Kisha akatuambia kwamba saratani ya Urbano iko chini kabisa, mwisho wa njia, mahali pembamba ambapo choo ni kigumu; ndiyo maana ilimziba na damu ikaonekana. Ya Marietha ilikaa kulia, utumbo mpana unapoanzia, mahali papana ambapo choo bado ni majimaji. Pale uvimbe unaweza kukua bila kumsumbua mtu, unavuja damu kidogo kidogo isiyoonekana, na mgonjwa anaishia kula maini.

"Lakini tofauti kubwa haipo kwenye mahali," alisema. Akamtazama Alute. "Wewe kaka unafanya kazi gani?"

"Fundi ujenzi, daktari."

"Vizuri, utanisaidia. Mwili unajijenga kila siku. Seli za zamani zinakufa, mpya zinatengenezwa kwa kunakili ramani ileile. Kwenye kunakili, makosa yapo, kama tofali linavyoweza kukaa upande. Lakini mwili una wakaguzi wanaopita nyuma na kurekebisha. Kwa mzee Urbano, wakaguzi hao wapo. Shida yake ni kwamba vipande vikubwa vya ramani vimekatika, vingine vimejirudia, vingine vimepotea. Kwa dada yenu vipande vikubwa vipo mahali pake, ila mkaguzi hayupo. Makosa madogo madogo yamejaa kila kona."

"Timazi imekatika," Alute alisema taratibu. "Ukuta unapanda, na hakuna anayeona kuwa umelala."

"Hivyohivyo. Na uvimbe wenye makosa mengi namna hiyo, walinzi wa mwili huutambua upesi, wanapambana nao. Wa dada yenu tumeuwahi kabla haujatoka kwenye utumbo. Kwa aina yake, ukishakatwa katika hatua hiyo, zile dripu hazimwongezei kitu ila kutapika. Ni ugonjwa wenye jina moja na tabia mbili. Sikumdharau, nimemwondolea mateso."

Filipo alikuwa bado na nusu ya hotuba. Aliikunja, akaomba radhi, akauliza chai inauzwa wapi. Nilimpenda sana mume wangu siku ile, kwa sababu si kila mwanaume anajua kunyamaza akishaeleweshwa.

Kisha daktari akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyeugua. Tukamsimulia babu Alute na Alute mtoto wa baba mkubwa. Uso wake ukabadilika. Akaomba damu ya Marietha, ikasafirishwa nje kwa mradi wa utafiti, na majibu yaliporudi alituita tena. Ile timazi mbovu Marietha hakuipata ukubwani, alizaliwa nayo. Imetoka kwa babu, ikapitia kwa baba yao, ambaye alikufa kwa ajali ya lori akiwa kijana na hakupewa muda wa kuugua chochote. Ndugu zake Marietha wa baba na mama, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa nayo. Waje wapimwe damu.

Sasa sikilizeni akili za ukoo wetu. Kikao kilikaa Sepuka, wazee wakatafakari maneno ya daktari, na wakaafikiana kwamba anayetakiwa kwenda ni Alute peke yake. Jina ni lake. Walipoulizwa imekuwaje Marietha augue na haitwi Alute, walikuwa na jibu: Marietha ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, akimwita jina hilo siku nzima, na likamkalia. Filipo alikuwa wa kwanza kukubali. "Mimi ni Filipo," alisema, akijigonga kifua. "Jina la mtume. Baba alilitoa kwenye Biblia, halina tumbo." Mama mkwe alikaa pembeni ya kikao akiangalia mikono yake. Mimi nilijua kwa nini, kwa sababu yeye ndiye aliyelitaja jina lile mtoto akanyamaza.

Na Alute hakutaka kwenda. Alisema hakuna haja ya kupima kitu anachokijua, kwamba fundi hapimi nyumba ambayo imeshaanguka. Alicheka aliposema hivyo, lakini safari hii hakuna aliyecheka naye. Nilikwenda Unyambwa kwa Emiliana, nikaketi karibu na cherehani yake, nikamweleza yote. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akasema twende.

Tulimkuta Alute amekaa kwenye msingi wake akila mahindi ya kuchoma.

"Alute," Emiliana alisema, "mimi sijawahi kuogopa kufa kwako. Watu wote wanakufa, na wajane wanaishi. Kilichonichosha ni kuishi na mtu anayeaga kila siku. Nenda ukapime. Ukiwa nayo nitakuoa nikiwa najua, na usipokuwa nayo nitakuoa vilevile. Usipokwenda, mimi narudi kwetu."

"Mwanamke haoi, anaolewa," Alute alijaribu utani.

"Kwa mwendo wako nitaoa," alisema Emiliana, akaondoka.

Alute alibaki na gunzi mkononi. Nilimwona akilia, na sikumtania. Nikamwambia nami naogopa, kwamba tukimpoteza yeye kicheko cha nyumba yetu kitapungua nusu. Kesho yake alimpigia kaka yake simu akamwambia wajiandae kwenda Dodoma.

Filipo alikwenda kama msindikizaji. Alipoona mdogo wake anatetemeka mbele ya sindano, akakunja shati akamwambia daktari amtoboe yeye kwanza, ili mtoto aone haiumi. Daktari Saada alikuwa amewataka wote wawili tangu mwanzo, kwa hiyo hakubishana. Akamweleza Filipo kwa makini anachopima na maana ya majibu, akamuuliza kama anakubali. Filipo alisema amekubali, na akanyoosha mkono huku akimkonyeza mdogo wake.

Majibu yalichukua muda. Katika muda huo Alute alijenga nyumba ya watu bila kupiga mluzi, jambo lililowatisha hata vibarua wake. Tulipoitwa tulikwenda watatu, na daktari akasema kila mtu ataingia kivyake. Alute aliingia kwanza. Alipotoka alipita mbele yetu bila kuongea, akatoka nje, akakaa kwenye ukingo wa ua na kufunika uso. Mabega yalikuwa yanacheza. Filipo alinishika mkono. Moyo wangu ulivunjika, nikaanza kumwazia Emiliana.

Kisha wakamwita Filipo, naye akaniomba niingie naye. Daktari alimwomba akae vizuri. Akasema damu yake ina ile kasoro ileile ya Marietha.

Filipo akasema, "Daktari, mimi naitwa Filipo."

"Najua, mzee wangu. Jina halikai kwenye damu."

Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Niliwaona watoto wetu watatu mbele ya macho yangu, nikaona shamba la mikorosho halina mwenyewe. Daktari alitupa maji. Akasema kuwa na kasoro hiyo si kuwa na saratani. Wengine huishi nayo hadi uzee bila kuugua. Kinachotakiwa ni kamera kila mwaka, kwa sababu saratani hii huanza na vinyama vidogo kwenye ukuta wa utumbo, na kinyama kikiondolewa mapema hakina cha kukua. Watoto wetu, wakishakuwa watu wazima, watapimwa wakipenda wenyewe. Na kamera ya kwanza ingekuwa wiki hiyohiyo.

Tulipotoka nje, Alute alisimama. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi sina," alisema. "Sina kabisa. Daktari anasema niko kama mtu yeyote wa barabarani." Kisha akatuona nyuso, akaelewa, akamkumbatia kaka yake pale mbele ya wagonjwa wote, na wanaume wale wakalia kwa sauti bila kujali.

Siku ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo, Filipo alikesha chooni. Alute alikaa nje ya mlango akimpa moyo, na kila baada ya kitambo alimwuliza, "Mtume, upo?" Filipo alimtukana kwa upole. Kamera ilipita, ikakuta vinyama viwili upande wa kulia, vikaondolewa hapohapo akiwa amesinzia. Vilipopimwa, vilikuwa bado havijageuka saratani. Daktari Saada alisema vingeachwa miaka michache tungekutana kwa habari nyingine.

Tulirudi Sepuka kumweleza mama mkwe. Nilimpigia magoti, shikamoo mama, nikamwambia yote kwa utaratibu: kwamba Alute hana, kwamba Filipo anayo na amesafishwa, kwamba Marietha anaendelea vizuri na atakuwa anaangaliwa pamoja na mfuko wake wa uzazi, ambao kasoro hii huugusa pia, kwamba jina halikuhusika tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikumuua mwanangu kwa jina," alisema.

"Hukumuua, mama."

Aliinuka akaenda jikoni kutafuta kuku wa kuchinja, na alimkimbiza mwenyewe, mama mwenye umri ule.

Tangu hapo mambo yamegeuka kwa namna ambayo bado inanichekesha. Alute alinunua shati jipya. Alifukuza mbuzi kwenye msingi, akadamka kuyashughulikia mawe yake, akapandisha kuta, akapiga lenta ya zege juu yake, akaezeka. Emiliana alijishonea gauni lake mwenyewe, na nadhani lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuwashonea wengine. Filipo sasa ndiye mwenye safari ya Dodoma kila mwaka, na kila mwaka Alute humsindikiza, akisema alikuwa amejiandaa kwa kifo miaka yote hiyo na sasa ana muda mwingi asiojua aupeleke wapi. Kintinku huwa wanashuka kumsalimia Marietha na mzee Urbano. Urbano naye yupo, amekonda kidogo, anafuga, na akianza kulinganisha ugonjwa wake na wa Marietha utadhani wanalinganisha ng'ombe.

Mwaka jana, umri ukiwa umekwenda na mimi nikijiona nimemaliza, nilipata mimba. Akazaliwa mtoto wa kiume, mkubwa, mwenye mapafu mazuri. Alilia. Alilia tukiwa Sepuka, alilia tulipompeleka Unyambwa kuiona nyumba ya baba yake mdogo. Tulikuwa sebuleni kwa Alute, sakafu bado inanukia saruji, na wote tulikuwepo. Akina mama wa ukoo walianza kutazamana. Mama mkwe alikuwa amempakata, akamtajia majina kadhaa ya marehemu, mtoto akayakataa. Kisha akafika mahali akasimama. Nilimwona anavyolimeza jina moja, analiruka, anatafuta lingine.

Wanangu watatu wa kwanza niliwapa majina ya Biblia, na nilihakikisha hakuna anayelikaribia lile. Nilimtazama Filipo, akatikisa kichwa kukubali.

"Mama," nilisema, "mwite Alute."

Mama mkwe alimwinua mtoto karibu na uso wake, akalitamka lile jina taratibu, mara ya kwanza kwa mtoto mchanga tangu siku ile ya zamani. Sote tukasubiri. Mtoto akavuta pumzi, akalia kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mama mkwe alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ana njaa huyu," alisema, akanipa mtoto nimnyonyeshe.